Nani Humwachisha Mtoto Ziwa?

*Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wakunga, walimu na viongozi wa mitaa, katika wiki ya kwanza ya Agosti*

Nawaona akina baba mliokaa nyuma karibu na mlango kana kwamba mna safari.

Nimefanya kazi ya ukunga kwa zaidi ya miaka 30, na katika miaka hiyo nilizoea kupewa mtoto mikononi, si kipaza sauti. Mkiniona nimekishika kwa mikono miwili, mjue ni mazoea.

Nimekuja na swali moja. Kwa nini mama mmoja hunyonyesha hadi mtoto anakimbia uani, na jirani yake, anayechota naye maji bomba moja, anakoma mwezi wa tatu? Jibu tunalolipenda ni kwamba yule ana moyo na huyu ni mvivu, au huyu hakuelimishwa. Kusudi langu leo ni kulipinga jibu hilo. Muda wa kunyonyesha huamuliwa na watu wengi, na mara nyingi mama mwenyewe ndiye wa mwisho kuulizwa.

Tuelewane kwanza kuhusu neno muda, maana humu ndani tunalitumia kwa mambo mawili. Kuna muda wa kumnyonyesha mtoto maziwa ya mama pekee, bila maji wala uji. Halafu kuna muda wote wa kunyonyesha, tangu kuzaliwa hadi kuachishwa. Shirika la Afya Duniani linashauri miezi 6 ya maziwa pekee, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka 2 na zaidi. Waislamu hapa wanaijua miaka hiyo miwili kutoka Sura ya Al-Baqara, aya ya 233. Ushauri wa miezi 6 wenyewe ni wa juzi tu, mwaka 2001. Kabla ya hapo kliniki zilikuwa zikisema miezi minne hadi sita. Kwa hiyo bibi anayemwambia binti yake aanze uji mwezi wa nne hajatunga jambo. Aliambiwa hivyo na muuguzi, huenda na mimi mwenyewe.

Sisi Watanzania tuna hali ya kushangaza kidogo. Muda mrefu tunauweza. Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa 2015-16 ulionyesha kwamba kwa kawaida mtoto wetu hunyonya kwa takriban miezi 20. Uingereza, katika utafiti wao wa mwaka 2010, akina mama 81 katika kila 100 walianza kunyonyesha, na mtoto alipofika miezi 6 waliobaki walikuwa 34. Sisi kinachotushinda ni mwanzo: maji, uji mwepesi na dawa ya tumbo vinaingia mapema mno. Hata hivyo tumesogea. Mwaka 2010, watoto 50 katika kila 100 walio chini ya miezi 6 walikuwa wakipata maziwa ya mama pekee; mwaka 2022 wakawa 64. Majirani zetu Wakenya walitoka 13 mwaka 2003, wakafika 32 mwaka 2008-09, kisha 61 mwaka 2014. Tafadhali ziangalieni namba hizo za Kenya. Upendo wa mama wa Kenya haukuongezeka karibu mara tano katika miaka 11. Kilichobadilika ni yale yaliyomzunguka. Na mwaka 2022 walikuwa 60, yaani wamesimama pale pale. Nitarudi huko.

Hoja ya kwanza: ziwa hutoa kwa kadiri linavyonyonywa

Ukiuliza akina mama kwa nini walianza uji mapema, sababu utakayoisikia kuliko zote ni hii: maziwa yalikuwa hayatoshi. Nimeisikia Pangani, nimeisikia Korogwe, na wenzangu wanaisikia dunia nzima. Wanawake ambao kweli miili yao haiwezi kutoa maziwa ya kutosha wapo, nami nimewahudumia, lakini ni wachache kuliko wanaoamini hivyo.

Mtoto akinyonya, ubongo wa mama hupata taarifa na kumwaga homoni mbili. Prolaktini huagiza maziwa yatengenezwe, na oksitosini huyasukuma yatoke. Usiku prolaktini hupanda zaidi, ndiyo maana mtoto anayelazwa mbali na mama usiku hupunguza maziwa ya mchana. Oksitosini nayo ina haya: mama akiwa na maumivu, hofu au fedheha, inachelewa. Na ziwa lisilokamuliwa wala kunyonywa likakaa limejaa, lenyewe hupunguza kazi.

Sasa tazameni mtego unavyotegwa. Kwenye wiki ya tatu hivi, na tena ya sita, watoto wengi huingia kipindi cha kutaka ziwa kila saa. Wakati huo huo matiti ya mama, yaliyokuwa yamejaa na kuuma, huanza kulainika kwa sababu mwili umeshazoea. Mama anaona mambo mawili: mtoto analia, titi ni laini. Anahitimisha kwamba maziwa yamekauka. Anampa uji kidogo. Mtoto anashiba, analala kwa saa tatu, hanyonyi. Ziwa linapata taarifa kwamba halihitajiki sana. Baada ya siku kumi maziwa yamepungua kweli, na mama anasema, "Si niliwaambia?"

Dalili za kuamini ni mkojo na mizani. Mtoto anayekojoa mara sita au zaidi kwa siku, na ambaye mstari wake kwenye kadi ya kliniki unapanda, anashiba. Na kuhusu maji, maana najua kuna bibi hapa anajiandaa kuniuliza juu ya joto la Tanga: maziwa ya mama, katika kila sehemu 100, sehemu 87 au 88 ni maji. Mtoto akiona kiu, anyonye.

Hoja ya pili: wodi inaweza kuharibu kwa siku moja

Hapa lazima niungame. Nilipoanza kazi, katika wodi ambayo sitaitaja, tulikuwa na chumba cha watoto. Mtoto akizaliwa tulimfuta, tukampima, tukampeleka huko. Tulimpa maji ya glukosi kwa kijiko wakati mama akipumzika. Tulifanya hivyo kwa nia njema na kwa usafi mkubwa. Mama aliletewa mtoto ameshashiba maji matamu, hataki ziwa, na maziwa ya mwanzo, yale ya njano mazito tunayoyaita dang'a, wengine waliyakamua wakayamwaga kwa kudhani ni machafu. Hatukuwakataza kwa nguvu ya kutosha.

Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa hatua kumi kwa ajili ya hospitali, na mwaka 1991 ukaanza mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto. Chumba chetu cha watoto kikafungwa. Ziwa ndani ya saa ya kwanza, mama na mtoto kitanda kimoja, hakuna kimiminika kingine bila sababu ya kitabibu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto 70 katika kila 100 nchini wamenyonya ndani ya saa hiyo ya kwanza.

Waliobaki ni akina nani? Wengi nawaona ni waliojifungua kwa upasuaji, na mama wa njiti. Mama mwenye mshono anahitaji mtu wa kumwekea mtoto ubavuni na kuhakikisha ameshika sehemu kubwa ya titi, si ncha ya chuchu tu. Mtoto akishika vibaya, chuchu hupasuka. Zikipasuka, kila kunyonyesha ni kilio. Na mama anayelia mara kumi kwa siku atatafuta maziwa ya kopo. Muuguzi mmoja mwenye wazazi 30 wodini hana dakika 20 za kumfundisha kila mmoja. Wanafunzi wa uuguzi mliopo hapa, mnaujua ukweli huo kuliko mimi.

Hoja ya tatu: nyumba ina wakubwa wake

Mzazi akitoka hospitali anaingia arobaini. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga. Kule Kilimanjaro anapewa mtori. Ni desturi nzuri. Sijaona wodi iliyomlisha mama kama anavyolishwa nyumbani. Lakini katika siku hizo 40 mwenye nyumba si yeye. Mwenye nyumba ni mama yake mzazi au mavyaa.

Mtoto akilia usiku wa tano, mavyaa anakuja na taa. "Mwanangu, maziwa yako mepesi. Mtoto ana njaa huyu." Binti wa miaka 19 atajibu nini? Amesikia mawaidha ya kliniki kwa dakika kumi akiwa amesimama kwenye foleni. Mavyaa amelea watoto saba, na mmojawao ndiye mume wake. Atajibu, "Sawa mama," na kijiko kitaingia. Tukimlaumu binti huyo kwa kukosa elimu, tunamkosea. Elimu anayo, asichokuwa nacho ni sauti.

Kuna jaribio kubwa lililofanywa Uganda upande wa Mbale, Burkina Faso na Afrika Kusini, likachapishwa mwaka 2011. Waliwachukua wanawake wa mtaa huo huo, wakawafunza, wakawatuma kumtembelea mama nyumbani tangu akiwa mjamzito. Mtoto alipofikia wiki 12, Uganda, waliokuwa wakinyonyesha maziwa pekee walikuwa 82 katika kila 100 waliotembelewa, dhidi ya 44 wasiotembelewa. Burkina Faso ilikuwa 79 dhidi ya 35. Afrika Kusini, ambako kopo limezoeleka, ilikuwa 10 dhidi ya 6 tu. Kwa hiyo kutembelewa kunasaidia sana, na bado hakutoshi mahali ambapo kopo limeshakaa sebuleni.

Mimi nina maelezo yangu kwa nini kutembelewa kunafaa, na ni maelezo ya mkunga, hayakupimwa na mtu. Anayekuja nyumbani huongea na mavyaa pia. Nilipokuwa nikienda majumbani, nilikuwa nafika kwanza kwa mavyaa, nikimwamkia na kumwomba anieleze alivyowalea wake. Nikishakunywa chai yake ndipo namwambia kwamba kliniki imebadili maneno, na namwomba yeye awe mlinzi: asiruhusu mtu kumpa mjukuu kitu hadi mwezi wa sita. Bibi aliyepewa ulinzi ni mkali kuliko askari. Nimewahi kumkuta mmoja akimfukuza wifi na chupa yake ya maji ya tumbo hadi barabarani.

Hoja ya nne: mimba mpya na hofu ya kubemenda

Akina baba, sasa mnaweza kusogea mbele kidogo.

Wote mnalijua neno kubemenda. Inaaminika kwamba wazazi wakikutana mama akiwa ananyonyesha, au mmoja wao akitoka nje ya ndoa, mtoto ananyong'onyea, miguu inalegea, anaharisha, hatembei. Mtaani husemwa mtoto huyu amebemendwa, na mama hutembea ameinamisha kichwa. Imani kama hii haipo pwani peke yake. Wagogo wa Dodoma wanayo kwa namna yao, na mtaalamu Mara Mabilia aliiandikia kitabu kizima.

Kitabibu, tendo la ndoa haliharibu maziwa. Nalisema wazi. Lakini wazee walioweka mwiko huu walikuwa na macho. Waliona kwamba mtoto ambaye mdogo wake amekuja upesi hudhoofika. Neno kwashakoo tunalolitumia hospitalini limetoka kwa Waga wa Ghana, na daktari Cicely Williams alipoliandika mwaka 1935 alieleza kwamba ni ugonjwa wa mtoto anayepokonywa ziwa kwa sababu mwingine amekuja. Pwani ya magharibi na pwani yetu, mbali vile, ziliona jambo moja. Mwiko ulitenganisha uzazi wakati hapakuwa na sindano wala vidonge.

Tatizo ni namna mwiko unavyofanya kazi leo. Mume yuko kitanda kile kile, hakuna mke wa pili wa kwenda kulala kwake, na mama anaogopa mambo mawili kwa pamoja: akikubali, atambemenda mtoto, akikataa, mume atatafuta njia nyingine. Anachagua kumwachisha mtoto mapema ili aondokane na yote. Nimeona watoto wa miezi 11 wakiachishwa kwa sababu hiyo, na mama akiniambia kwa sauti ya chini kabisa, maana si jambo la kusemea kwenye benchi la kliniki.

Na mimba ikiingia kweli, ziwa hukatwa siku hiyo hiyo. Shubiri kwenye chuchu, au pilipili, au mtoto anapakiwa basi kwenda kwa bibi Muheza. Mama mjamzito mwenye afya na anayekula vizuri kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, na hata akiamua kuachisha, afanye polepole huku chakula cha mtoto kikiongezwa: dagaa, maharage, yai. Ila nikiwa mkweli kwenu, mazungumzo ya uzazi wa mpango yamefanya mengi kuliko mahubiri yangu yote juu ya shubiri. Katika miezi 6 ya kwanza, mama anayenyonyesha maziwa pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi, tayari ana kinga kubwa. Baada ya hapo anahitaji njia nyingine, na anahitaji kuipata bila kuogopa kwamba itakausha ziwa. Zipo za namna hiyo, na mume aje kliniki azisikie mwenyewe.

Hoja ya tano: siku 84

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mama aliyeambiwa anyonyeshe pekee kwa miezi 6 anahitaji siku 180 na kidogo. Toeni wenyewe: zinapungua karibu 100. Sheria hiyo hiyo inampa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha wakati wa kazi. Saa mbili hizo ni tamu kwenye karatasi. Mwalimu anayekaa jirani na shule atazitumia. Karani anayetoka Mbagala kwenda Posta, Dar es Salaam, atazimaliza kwenye daladala kabla hajamwona mtoto. Baba anapewa siku 3. Sitazungumzia siku 3, nitapandwa na shinikizo la damu.

Kenya sheria yao ya ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi 3 kwa mama na wiki 2 kwa baba, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Nilisema nitarudi kwenye ile 61 iliyosimama. Nadhani mawaidha yamefika pale mawaidha yanapoweza kufika. Mama ameshajua, sasa amegonga ukuta wa saa za kazi.

Na hao ni wenye mwajiri. Wengi wetu hatuna. Mama lishe anarudi jikoni siku ya 41, kama si ya 20. Muuza samaki anaamka saa kumi alfajiri. Mkulima anamwacha mtoto na dada yake wa miaka minane. Hawa hakuna sheria inayowafikia, na ndio wengi kuliko hao niliowataja mwanzo. Tunaweza kumfundisha kukamua, maziwa yakakaa saa kadhaa mahali pa kivuli kwenye chombo safi chenye kifuniko, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe badala ya chupa. Nimefundisha hivyo miaka mingi. Lakini mama huniuliza, "Nesi, nikamulie wapi?" Kituo cha basi? Chooni sokoni? Ile oksitosini yenye haya, mnaikumbuka? Haiji chooni sokoni.

Hoja ya sita, kwa ufupi: kopo na virusi

Daktari Williams niliyemtaja alisimama Singapore mwaka 1939 akasema hadharani kwamba kuwatangazia maziwa ya kopo watu wasio na maji safi ni kuua. Dunia ilichukua hadi mwaka 1981 kupitisha Kanuni ya Kimataifa ya uuzaji wa bidhaa hizo, kwa kura 118 dhidi ya moja, na moja hiyo ilikuwa ya Marekani. Kenya ilitunga sheria mwaka 2012, nasi tukatoa kanuni mpya mwaka 2013. Bango hospitalini sasa ni marufuku. Tangazo limehamia kwenye simu ya mama, usiku wa manane, wakati mtoto analia.

Kuhusu VVU, tuliwachanganya sana akina mama miaka ya 2000. Wengine waliambiwa wasinyonyeshe kabisa, majirani wakajua siri yao kwa kuona kopo. Botswana mwaka 2006, mafuriko yalipochafua maji, watoto wengi waliokuwa hawanyonyi walikufa kwa kuharisha. Leo mama anayemeza dawa zake vizuri ananyonyesha kama wenzake, miezi 6 ya maziwa pekee kisha aendelee huku mtoto akifuatiliwa kliniki. Yeyote anayemwambia kinyume amebaki na daftari la zamani.

Tunakwenda wapi

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nina mambo mawili.

La kwanza, kuanzia mwezi ujao wakunga sita wastaafu, nikiwemo, tutaanza kutembea majumbani katika mitaa mitatu. Hatutakuwa na sare. Tunawaomba watendaji wa mitaa watupe majina ya wajawazito kwa ridhaa yao, na tunawaomba mavyaa waweke chai.

La pili ni soko letu. Uongozi umekubali kutupa chumba nyuma ya wauza nazi, kile kilichokuwa kikiwekwa mizani mibovu. Nimekiona. Kina dirisha moja na panya wawili. Kinahitaji pazia, ndoo ya maji yenye bomba, benchi mbili zenye mgongo, na mtu wa kushika ufunguo tangu saa kumi alfajiri, maana ndiyo saa wauza samaki wanafika. Mtu wa ufunguo ameshapatikana. Ni bibi yule aliyemfukuza wifi. Mbao za benchi tumechangiwa jana. Wewe baba wa karibu kabisa na mlango, nimeambiwa ni fundi seremala. Naomba usitoke kabla hatujaonana.